Kabla ya Kununua Msitu Mdogo, Pitia kwa Fundi

Anayetaka kununua msitu mdogo magharibi mwa Nairobi kwa kawaida huanzia mahali pasipofaa: huanzia shambani. Dalali humpigia simu Jumamosi asubuhi, gari hupanda Waiyaki Way hadi Kikuyu au hukata kupitia Karen hadi Ngong, na kufikia saa nne mnunuzi amesimama chini ya mikaratusi mirefu. Upepo unavuma huko juu, hewa ina harufu ya majani, na moyo umeshalipa kabla ya mfuko. Siku hiyo ingemfaa zaidi kando ya Barabara ya Ngong, miongoni mwa mafundi wanaopanga vitanda na makabati karibu na lami, kwa sababu huko ndiko miti yake itakakoishia.

Fundi hana sababu ya kumsifia mtu msitu ambao hajauona. Akiulizwa kwa adabu, wakati hana mteja, ataeleza anachokitafuta na anachokikosa. Saipresi na paini ndizo mbao laini za kila siku. Mahogani na mvule nyingi husafiri kutoka Kongo kupitia Uganda. Mkaratusi, ambao wengi huuita blugamu, hutumika kwa fremu na kazi za ujenzi. Mgrivilea, ule ambao watu wa Kiambu huuita mukima, una mchoro mzuri wa ndani lakini sifa zake huharibiwa na haraka ya wauzaji.

“Fundi, mbao ya mukima unachukua?”

“Nachukua, mama, lakini iwe imekauka. Mbichi ikifika hapa inajikunja, na mteja ananirudishia kabati.”

Maneno kama hayo husikika karakana baada ya karakana, na thamani yake ni kubwa kuliko ya kijitabu chochote cha dalali. Yanamwambia mnunuzi kwamba soko la mjini halina njaa ya miti tu. Lina njaa ya mbao pana, zilizonyooka, zenye vifundo vichache, zilizokaushwa kwa subira. Mtu akishajua hivyo, atautazama msitu kwa jicho jingine: ataacha kuhesabu vilele na kuanza kutazama mashina.

Upande wa pili wa katikati ya jiji, Gikomba, kuna somo jingine. Huko mteja mkubwa ni ujenzi: mbili kwa mbili, nne kwa mbili, sita kwa moja, na nguzo za kuegemeza slabu za maghorofa yanayoota Kileleshwa, Kilimani na Westlands. Bei huulizwa kwa futi, na muuzaji hana muda na vifundo. Msitu wenye miti myembamba ya miaka sita au saba unaweza kuuzika vizuri katika soko hili, ilhali ungekataliwa na fundi wa samani. Ni vyema mnunuzi aandike bei za pande zote mbili katika daftari, pamoja na tarehe, arudi baada ya mwezi mmoja aandike tena. Bei ya siku moja haimwonyeshi soko linaelekea wapi.

Bei hizo hutikiswa pia na maamuzi ya serikali. Mnamo Februari 2018 ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii ulisimamishwa kwa siku 90. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa katazo hilo, uamuzi ambao nao ulipelekwa mahakamani. Katika miaka hiyo viwanda vya mbao vilihangaika, mbao za paini kutoka Tanzania zikajaa madukani, na madalali wakaingia vijijini kutafuta miti ya wakulima. Waliokuwa na miti iliyokomaa walinufaika. Kwa upande mwingine, wakulima waliopanda mikaratusi wakitegemea kuuza nguzo za umeme wameshuhudia Kenya Power ikigeukia nguzo za zege. Kwa hiyo mtu anayenunua msitu kwa ajili ya mteja mmoja tu, hata awe mteja mkubwa namna gani, anajiweka pabaya.

Kituo kinachofuata ni Arboretamu ya Nairobi, kati ya Ikulu na Kileleshwa, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Wengi huijua kama mahali pa mandari na maombi. Ilianzishwa 1907 kama bustani ya majaribio ya miti inayokua haraka, kwa sababu gari la moshi la Reli ya Uganda lilichoma kuni na misitu ya asili iliyopakana na njia ya reli ilikuwa ikiliwa kwa kasi. Mikaratusi yenyewe ililetwa nchini mapema zaidi, 1902, kwa kazi hiyo hiyo. Treni ziliacha kuni zamani, lakini miti iliyoletwa kuzilisha imebaki, na ndiyo inayojaa katika vishamba vingi anavyoonyeshwa mnunuzi wa leo.

Asubuhi moja katika Arboretamu, huku mtu akisoma vibao vya majina, humfundisha kutofautisha saipresi na mtarakwa, mkaratusi wa aina moja na wa nyingine, muringa na mukinduri. Jambo hili si la wanafunzi peke yao. Muuzaji anayesema “kuna miti ya asili ya bei kali” huenda anazungumzia muwati uliojiotea, na mnunuzi asiyejua gome wala jani atalipia jina. Upo pia muhugu, mti mgumu wa misitu ya Karura na Ngong ambao wachonga vinyago waliupenda hadi ukawa adimu. Anayeukuta shambani aulinde. Na muiri, ambao gome lake hutafutwa kwa dawa, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Sasa twende shambani.

Karen kwenyewe ardhi ni ghali mno kwa mtu anayetaka mbao zimrudishie fedha zake. Mwenye nusu ekari yenye miti Karen ana bustani yenye kivuli, na hesabu yake ni ya makazi. Anayetaka msitu wa mbao itambidi asogee: Kikuyu, Muguga na Limuru upande wa Waiyaki Way, au Ngong na Kiserian upande mwingine. Njia hizi mbili hazifanani. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina baridi, ukungu na udongo mwekundu wenye kina, na saipresi, mkaratusi na muwati hustawi. Ukishuka kutoka Ngong kuelekea Kiserian na kwingineko Kajiado, mvua hupungua, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi huanza kujitokeza, na saipresi iliyopandwa kwa matumaini hukauka kuanzia kileleni. Anayenunua upande huo, au anayefikiria kwenda mbali zaidi hadi Machakos na Kitui ambako ekari ni nafuu, aulize habari za mukau, mti wa nchi kavu wenye mbao nyekundu nzuri. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imeushughulikia kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui, pamoja na wataalamu wa Japani.

Makao makuu ya KEFRI yapo Muguga, baada ya Kikuyu, na hapo hapo ndipo penye kituo cha mbegu za miti. Ajabu ni kwamba watu wengi hupita karibu na lango lile wakienda kununua miche isiyo na asili inayojulikana. Miche ya kando ya barabara huko Kangemi na Karen hupendeza machoni, na mingi ni mizuri kwa ua. Kwa mti utakaoungojea miaka 20, mbegu ndiyo kila kitu. Mche uliotokana na mzazi aliyepinda utapinda, na hakuna mbolea itakayounyoosha.

Kupima ndiyo kazi ambayo wanunuzi wengi huiruka, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Vifaa ni futi ya fundi cherehani, daftari na kijana mmoja wa kusaidia. Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Tuseme ni sentimita 110. Ukigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo cha sentimita 35. Ikiwa mti una urefu wa mita 20, na tukikumbuka kwamba shina huwa jembamba kadiri linavyopanda, mti huo una takriban robo tatu ya mita moja ya ujazo. Sasa chukua mti jirani wenye urefu ule ule lakini mzingo wa sentimita 55. Macho yatasema ni nusu yake. Hesabu inasema ni robo, kwa sababu kipenyo kikipungua kwa nusu, eneo la duara hupungua mara nne. Tena ile robo haitatoa ubao mpana hata mmoja.

Si lazima kupima kila mti. Katika shamba la ekari mbili, mnunuzi anaweza kuchagua sehemu tano au sita zilizotawanyika, si zile za kando ya barabara alikoongozwa na muuzaji, akapima miti yote iliyo ndani ya duara la kamba ya mita 10. Apate wastani, kisha auzidishe. Wakati huo huo atazame wima wa mashina, mashimo ya wadudu, utomvu unaotiririka, na vilele vilivyokauka. Saipresi nchini ilishambuliwa vibaya na chawa wa mimea waliofika 1990. Mikaratusi nayo ikapata nyigu wake mdogo anayevimbisha majani machanga, aliyeonekana magharibi mwa Kenya 2002. Kabla ya hapo, paini ya aina ya radiata iliachwa katika miaka ya 1960 kwa sababu ya ukungu wa majani. Historia hiyo inatosha kumfanya mtu aogope shamba lenye aina moja ya mti, hata lipendeze kiasi gani.

Kuna njia ya kuingia katika biashara hii bila kununua ardhi: kununua miti ikiwa imesimama, kuikata na kuondoka. Madalali huishi kwa kazi hiyo. Mkulima anayehitaji karo ya shule mwezi Januari huuza mikaratusi 50 kwa bei ya jumla, bila kipimo, na faida kubwa huenda kwa aliyekuja na futi mfukoni. Mwongozo huu unamlenga anayetaka kukaa na miti, lakini hata yeye atanufaika na somo hilo siku atakapokuwa muuzaji.

Halafu ni karatasi. Mashamba ya Kikuyu na Limuru husajiliwa katika ofisi ya ardhi ya Kiambu. Ya Ngong na Kiserian yana ofisi mjini Ngong. Ya Nairobi yenyewe huelekea Ardhi House, pale mwanzoni mwa Barabara ya Ngong, na katika mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Upekuzi rasmi wa hatimiliki, ule ambao kila mtu mjini huuita sachi, huonyesha nani amesajiliwa na kama benki ina dai. Mnunuzi aombe zaidi ya hapo. Aombe kuona kumbukumbu za nyuma za kipande hicho, zile za kadi ya kijani: ardhi ilitoka kwa nani, ikagawanywa lini, na kwa kibali gani.

Sababu ya ukali huo ni misitu yenyewe. Msitu wa Barabara ya Ngong ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali 1932 ulikuwa na hekta zipatazo 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Sehemu iliyopungua ilikwenda kwa barabara, taasisi, mitaa, na nyingine kwa watu waliopewa vipande kinyume cha sheria, kama ilivyoelezwa kwa kirefu katika ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004. Karura, upande wa kaskazini, ilinusurika kwa sababu mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mbele ya lango lake Januari 1999. Kwa hiyo kipande kizuri chenye miti mikubwa, kinachopakana na msitu wa Ngong, Dagoretti, Thogoto au Ololua, kinastahili maswali mengi kuliko kipande chochote kingine. Miti mikubwa pale inaweza kuwa ushahidi kwamba ardhi ilikuwa ya umma.

Na hatimiliki peke yake haimlindi mnunuzi tena. Mnamo Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati ikiwa mzizi wake ulikuwa haramu. Kesi ilihusu kiwanja cha ufuoni Nyali, lakini uamuzi unamgusa kila anayesimama karibu na msitu wa umma akiwa na kalamu mkononi. Wakili afuatilie mzizi huo, na mpima ardhi aliyesajiliwa aonyeshe bikoni zote, moja moja, mnunuzi akiwepo. Ulizeni pia majirani. Mzee wa kijiji hujua mpaka ulihamishwa lini.

Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo, na ombi hutakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano kuandikwa. Mke au mume wa muuzaji hana budi kukubali kwa maandishi. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na 4 kwa ya mijini, na tofauti hiyo ni ya kuulizia mapema katika maeneo kama Kikuyu ambako mji unalimeza shamba. Jamaa aliye ng'ambo ambaye si raia wa Kenya tena hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Hilo limo katika Katiba ya 2010.

Jambo moja halimo katika mikataba ya kawaida, na linafaa kuongezwa: miti. Kati ya siku ya kulipa arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, na siku ya kumaliza, ambayo mara nyingi ni baada ya siku 90, msumeno unaweza kupita. Miti ihesabiwe, ipigwe picha, iliyo bora itiwe alama ya rangi, na orodha iambatishwe kwenye mkataba pamoja na kifungu kinachosema bei itapunguzwa kiasi gani kwa kila mti utakaokosekana. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mto ukipita shambani, pasikadiriwe mapato kwenye kingo zake. Ukanda wa kati ya mita 6 na 30, kulingana na upana wa mto, huhifadhiwa kisheria. Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na hoja hiyo haijazikwa. Wakikuyu huuita mti huo munyua maai, mnywa maji, na jina hilo walilitoa kwa kuona chemchemi zao zikipungua. Mwenye mikaratusi bondeni afanye kama walivyofanya watu wa Brackenhurst huko Tigoni, karibu na Limuru, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamekuwa wakiondoa miti ya kigeni hatua kwa hatua na kuirudishia ardhi miti ya asili. Anayekwenda kutembea pale leo hukuta msitu wenye kivuli na ndege, mahali palipokuwa mistari ya mikaratusi, saipresi na muwati. Ni safari ya chini ya saa moja kutoka Westlands barabara ikiwa wazi, na inafaa kufanywa kabla ya kutia sahihi.

Laini za umeme nazo zitazamwe. Miti iliyo chini ya njia ya nyaya itakatwa vilele mwaka baada ya mwaka na watu wasiouliza ruhusa ya mwenye shamba, kwa hiyo isihesabiwe kuwa mbao.

Baada ya kununua, kazi kubwa ya miaka ya mwanzo ni kupunguza. Hapa wamiliki wapya wengi hushindwa kwa huruma. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kila upande, ekari moja hubeba miche takriban 650, sawa na 1,600 kwa hekta. Idadi hiyo hufaa miche, ikiifanya ishindane na kunyooka. Ikiachwa hivyo hadi miaka 15, mwenye shamba atakuwa na fito ndefu zenye njaa. Katika mashamba ya saipresi ya serikali, desturi imekuwa kupunguza mara kadhaa hadi zibaki chini ya shina 400 kwa hekta, ndipo zikatwe zikiwa na miaka 25 hadi 30. Miti inayoondolewa kwanza huwa kuni na nguzo. Inayoondolewa baadaye hulipa gharama za ulinzi. Inayobaki ndiyo itakayomrudisha mwenye shamba kwa yule fundi wa Barabara ya Ngong.

Kupunguza kuna kanuni moja inayovunjwa kila siku: hukatwa miti mibaya, si mizuri. Broka akiachiwa achague, atachukua mashina manene yaliyonyooka na kuacha yaliyopinda. Baada ya mizunguko miwili ya namna hiyo msitu mzima huwa mabaki, na mbegu zinazoanguka ni za mabaki hayo. Mwenye shamba atembee mwenyewe na kopo la rangi, aweke alama kwenye miti ya kuondoka, na mkataba useme kwamba mti usio na alama haukatwi.

Kupogoa huenda sambamba. Matawi ya chini ya saipresi na mgrivilea huondolewa mti ungali mdogo, kwa msumeno mkali, karibu na shina bila kuchubua gome. Tawi likikatwa likiwa jembamba, mti hulifunika, na mbao zinazofuata juu yake huwa safi. Likiachwa miaka 10 hugeuka kifundo kinachoanguka na kuacha tundu kwenye ubao. Vifundo asivyovitaka fundi huanzia hapo. Mapumziko ya wikendi mbili kwa mwaka yanatosha kwa ekari moja, na matawi yenyewe hupata wateja majirani.

Katikati ya mistari michanga mtu anaweza kulima viazi au maharagwe kwa miaka miwili mitatu. Mtindo huo wa kuchanganya mazao na miche ulianza kutumika katika misitu ya serikali nchini 1910, na neno letu “shamba” likaingia katika vitabu vya wataalamu wa misitu duniani kote. Una faida mbili: palizi ya viazi ni palizi ya miche, na anayelima hapo huwa mlinzi. Moto ndio adui wa kuogopwa zaidi, hasa kati ya Januari na Machi. Njia ya mita kadhaa iliyokwanguliwa majani kuzunguka shamba, na uhusiano mwema na majirani wanaochoma takataka, hulinda msitu kuliko seng'enge.

Kupanda kufanywe mvua za masika zikishatulia, kwa kawaida mwezi Aprili, au za vuli mwezi Oktoba na Novemba, mashimo yakiwa yamechimbwa mapema. Tangu Desemba 2022, serikali ilipozindua Ngong Hills mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, miche imekuwa ikitolewa kwa wingi na mtu hakosi watu wa kumsaidia kupanda. Wa kumsaidia kupalilia mwezi wa nne baada ya hapo ndio adimu, na hao ndio wa kuwekewa bajeti.

Inapofika zamu ya kukata, kwanza ni kibali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inatambua misitu ya watu binafsi, na mwenye nao anaweza kuusajili kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, akapata ushauri wa kitaalamu. Ofisi ya KFS ya eneo na ya kaunti ndizo za kuulizia ruhusa ya kukata na ya kusafirisha. Lori lenye magogo yasiyo na karatasi halifiki mbali kwenye Waiyaki Way. Ndani ya jiji masharti ni makali zaidi, na umma nao una macho: 2020, wakati wa ujenzi wa barabara ya Expressway, mugumo mkubwa wa Westlands uliokuwa ukatwe uliokolewa kwa amri ya rais baada ya watu kupiga kelele. Kanuni za 2009 kuhusu misitu ya mashambani nazo zinamtaka kila mkulima awe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake. Anayenunua shamba la miti akipanga kulifyeka lote ajue hivyo mapema.

Siku ya mauzo, futi irudi mkononi. Mti upimwe kabla haujaanguka, malipo yapokelewe kabla lori halijapakiwa, na wafanyakazi wawe na kofia ngumu na njia ya kukimbilia iliyosafishwa. Kupasua magogo shambani kwa msumeno wa mota bila kiongozi ni rahisi kwa gharama, lakini sehemu kubwa ya gogo hugeuka unga na mabanzi, na mbao hutoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kwa magogo manene ni afadhali kulipia kiwanda cha mbao, au fundi mwenye mashine ya kuhamishika yenye reli. Mbao zikitoka zipangwe kivulini juu ya matofali, vijiti vya unene mmoja vikiwa kati ya safu na safu, ncha zipakwe rangi zisipasuke, na juu ziwekwe mabati na mawe. Zikae miezi. Mgrivilea uliokaushwa hivyo huingia karakana kwa bei ambayo ule uliouzwa mbichi hauwezi kuitaja.

Kama ni mkaratusi uliokatwa, kisiki kiachwe kifupi, sentimita 10 hivi, kwa mkato ulioinama kidogo ili maji ya mvua yateremke, na gome lisichanike. Baada ya wiki chache kitatoa machipukizi mengi kama kichaka. Yafikapo urefu wa mtu, yapunguzwe hadi mawili au matatu yenye afya, yaliyoshika chini kwenye kisiki, upande unaokabili upepo, ili upepo uyasukume kuelekea kisiki badala ya kuyabandua. Mwaka unaofuata libakizwe moja au mawili, na mzingo wake uandikwe kwenye ukurasa mpya wa daftari lile lile.